Ngano Isiyoguswa na Maji

Kijijini, Negev
20 Shevat 5722

Kwako mdogo wangu Bichiri,

Ashukuriwe aliyetuamsha leo. Kikohozi chako kimepungua? Na Fortuna mkeo, na binti yenu Estrea wangu mdogo, hawajambo? Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Barua yako nimeipata. Umesema tangu Khmais wangu afariki, mjane hana kazi na shamba, na kwamba chumba changu huko Marseille kimeshapakwa rangi. Asante. Umesema pia baba alikuwa sonara na babu sonara, na katika ukoo wetu wote kule kisiwani Jerba hakuna aliyekuwa na udongo kwenye kucha. Ni kweli. Baba alisoma katika Torati habari ya nchi ya ngano na shayiri maisha yake yote, akafa hajaona suke limesimama. Mimi huliona nikifungua dirisha.

Sasa sikia. Rabi Sasi, msimamizi wa tanuri la mikate ya Pasaka mjini, amepita kukagua mashamba. Anatafuta ngano ya kulindwa, ile isiyoguswa na tone la maji tangu ikatwe hadi ikandwe, maana maji huichachusha, kwa mkate usiotiwa chachu wa usiku wenyewe wa Pasaka. Amesimama kwangu muda mrefu kuliko kwa mtu yeyote. Amechuma jani, amelitafuna, amesema, "Mama, hii ikikatwa kavu, kabla ya mvua kuikuta imeiva, nitaitazama."

Basi tuahidiane. Rabi akiikataa ngano yangu, shamba nalirudisha kwa kijiji na nakuja kulala kwenye chumba chako. Akiichukua, usinitajie tena chumba.

Dadako,
Kamuna

*

Marseille
Adar ya kwanza 5722

Dada Kamuna, shikamoo,

Hatujambo sote. Kikohozi kimeniacha, amebaki mama mkwe.

Ahadi nimeikubali, ila usinifanyie ujanja. Rabi akisema "labda", hiyo ni hapana. Fortuna anacheka, anasema utashuka melini na jembe begani, umpalilie maua yake barazani.

Nikuambie na jambo jingine, usilisikie kwa watu. Wakwe zangu wakiniuliza unafanya nini huko, nawaambia una duka la vitambaa Tel Aviv. Usikasirike. Hawa ni watu wa vito, wanaangalia mikono ya mtu kabla ya uso. Nami dada, nalala vibaya nikikufikiria peke yako mashambani, kama yule Ruthu, ila Ruthu alikuwa kijana.

Mdogo wako,
Bichiri

*

Kijijini, Negev
Mwezi wa Iyar 5722

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta na afya. Mikono yangu ina malengelenge, na wakwe zako wangeshangaa vitambaa gani hivi ninavyouza. Habari za duka langu nimewasomea majirani. Mzee Hwatu, yule aliyekuwa mwanzishaji wa vicheko vyote vya mtaa wetu kule Jerba, amecheka hadi akavua miwani. Sasa akinikuta kisimani ananiuliza bei ya hariri.

Na Ruthu usimdharau. Kwenye Sikukuu ya Majuma, ngano ikiwa imeiva, ni kisa chake tunachosoma, si kisa cha sonara. Wahenga wetu wamesema mtoto hajui kumwita baba wala mama mpaka aonje ngano. Sikusikia wamesema hivyo juu ya dhahabu.

Tumekata. Bwana shamba Zelig alikuja mbio na kofia mkononi. "Mama Kamuna, shingo ya suke bado ina ukijani. Punje haijajaa. Ngoja wiki moja tu."

Nikamwambia, "Na mvua ikiinyeshea ikiwa imeiva, usiku wa Pasaka watu wale nini, ushauri wako?"

"Mvua mwezi huu wa Iyar, kiangazi kimeingia? Hapa jangwani?"

"Goti langu halijasoma jiografia."

Tulianza umande ulipokwisha kabisa, mundu mkavu, miganda juu ya maturubai. Kila aliyekata alisema kwa sauti kwamba anakata kwa ajili ya amri ya mkate usiotiwa chachu. Hata Hwatu, ambaye mundu kwake ni mgeni, alisema mara nyingi kuliko alivyokata. Pembe ya shamba niliiacha kama Torati inavyotaka, mimi mjane nikawaachia wajane wenzangu. Bichiri, nilijisikia malkia.

Tukapura, tukatia magunia ghalani. Kesho yake ikanyesha. Zelig alisimama mlangoni kwangu ameloa, akasema, "Sijui nikuombe radhi au nikuombe hilo goti."

Rabi Sasi anakuja Jumapili kutoa jibu.

Dadako,
Kamuna

*

Marseille
Mwezi wa Tamuzi 5722

Dada Kamuna, shikamoo,

Hatujambo. Jumapili ya rabi imepita, na Jumapili nyingine nyingi nyuma yake, na wewe kimya. Wewe ambaye ukipata mafua huandika kurasa tatu. Basi nimeelewa, wala sitakucheka. Nimenunua kitanda, kizuri, cha chuma. Niambie tu utasafiri lini.

Mdogo wako,
Bichiri

*

Kijijini, Negev
Mwezi wa Avu 5722

Mdogo wangu Bichiri,

Mimi mzima wa mwili, na ninyi naamini wazima. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu la rabi, na barua ya "labda" ulishanikataza.

Ilikuwa hivi. Ijumaa asubuhi, kabla ya ile Jumapili ya rabi, nilimwomba Hwatu alinde ghala. Nikamwambia, "Baba Hwatu, usiiache ngano peke yake hata kidogo." Akaapa. Njaa ikamshika, ana mkate wake mfukoni, na mcha Mungu hali mkate bila kunawa mikono na kusoma baraka. Mtu mwingine angetoka nje. Hwatu hakutoka, alikuwa ameapa. Alichukua kikombe na birika, akanawa pale pale, juu ya magunia ya ukutani. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kwa ukamilifu wote.

Niliingia nikamkuta anasoma baraka, maji yanatiririka kwenye gunia. Hakuweza kunijibu mpaka ameze tonge, maana baada ya baraka hairuhusiwi kusema neno. Tulitazamana tu anatafuna. Alipomeza akasema, "Kamuna, ulimweka mlinzi, umepata gharika ya Nuhu." Kisha akalia, mzee wa watu.

Rabi alizuiwa na ugonjwa wa mkewe, hakuja Jumapili ile wala zilizofuata. Alipofika, magunia yalikuwa yamekauka kama mengine. Aliyapapasa yote, akanusa, akasema, "Safi kabisa. Yapakieni."

Nikamwambia, "Rabi, ya ukutani yaliloa." Nikamweleza.

Akanitazama. "Yamekauka. Nisingejua. Mbona umesema?"

"Kwani nalinda kwa ajili yako?"

Alirudi kwenye magunia. Ya ukutani akayatenga, karibu nusu ya mavuno, hayo yatakuwa mikate yetu ya kila siku. Yaliyobaki Hwatu alitaka yafunguliwe na kupekuliwa upya, rabi akakataa. "Ya mwanamke huyu sipekui." Akayafunga kwa mkono wake, akayachukua.

Nusu, Bichiri. Bwana shamba anasema nikijumlisha kukata mapema, sikupata hata nusu. Ulisema "labda" ni hapana. Hukusema nusu ni nini. Nakuachia uamue mwenyewe, nami nitalitii neno lako. Mvua za kwanza zikija nitapanda kama kawaida, usipokuwa umeniandikia niache.

Dadako,
Kamuna

*

Marseille
24 Nisani 5723

Dada Kamuna, shikamoo,

Sikukuu tumeimaliza salama. Nimekaa kimya majira yote ya baridi, nawe ukapanda. Nilijua ungepanda. Sikuandika kwa sababu kuandika "acha" mkono ulikataa, na kuandika "baki" kiburi kilikataa.

Kifurushi cha mikate kutoka tanuri la Rabi Sasi kilifika mkesha wa Pasaka. Miwili ilivunjika njiani. Niliiweka yote mbele ya baba mkwe, juu ya ile aliyonunua yeye. Akaonja, akauliza ni ya mwokaji gani. Nikasema mwokaji simjui, aliyeilima ngano na kuikata kwa mundu ni dada yangu.

Mama mkwe akasema, "Si ana duka la vitambaa?"

Nikasema, "Hapana, mama. Nilidanganya. Ana shamba."

Dada, hakuna aliyecheka. Mzee aliusukuma mkate wake pembeni, akaomba kipande kingine cha wako. Kisha akaniuliza ngano ikisimama shambani hufika wapi, magotini au kiunoni. Sikujua. Wote wakanitazama mimi, mwenye dada.

Kitanda nimempa Estrea, na chumba ni chake. Wewe nijibu tu, magotini au kiunoni? Mzee ananiuliza kila siku.

Mdogo wako,
Bichiri