Kumsindikiza Gunnar

Malmö, 2 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, na mjukuu wako Bella ameota jino jipya la mbele, anajivuna kama waziri. Wewe je, goti limekuachia?

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu, unasema supu inaungua. Basi leo soma hadi mwisho. Stockholm nzima hiyo, na wewe tangu mama atutoke umejifungia humo Husby. Jumapili kanisani, ukirudi ni kochi na redio. Baba, mimi naogopa. Utateleza bafuni siku moja na hakuna atakayejua mpaka nipande treni kutoka huku. Chumba cha nyuma nimeshakipaka rangi. Nataka Krismasi ikukute Malmö, na hiyo nyumba ya kupanga tuirudishe kwa wenyewe. Tafadhali usinijibu kwa mzaha.

Mwanao,
Raïssa


Husby, 8 Septemba 2025

Binti yangu Raïssa,

Marahaba. Nimesoma hadi mwisho, na supu haikuungua. Goti hulalamika asubuhi, likifika mchana linasahau. Mpe Bella pongezi za jino.

Nani amejifungia? Juzi Jumamosi nilikwenda matembezi. Maktaba ya Kista wamebandika tangazo: matembezi mepesi ya kikundi, yana kiongozi, kando ya mfereji wa Djurgården na mashambani, wote mnakaribishwa. Nikavaa suti ya kijivu na viatu vya kanisani, maana kwenda kwa watu si sawa na kwenda kumwaga takataka. Kiongozi wetu Anneli, mama mmoja mwenye fimbo mbili za kutembelea, alivitazama viatu vyangu akauliza kama naelekea arusini. Nikamwambia ndiyo, na arusi ni hii.

Njia ni laini kabisa. Maji upande huu, mialoni upande ule, halafu malisho. Kondoo, Raïssa, ndani ya Stockholm! Wanene, na hawana hata mchungaji mmoja. Watu wa kikundi walitembea kimya mpaka nikahisi wamegombana, kwa hiyo nikawasalimu wote kwa mkono, mmoja mmoja.

Wakati wa kahawa kila mtu akatoa mkate wake, akaula peke yake. Mimi nilikuwa nimebeba maandazi ya watu wote, kwenye sufuria ya mama yako, nimeifunga kwa kitenge. Kwanza waliyaogopa. Kisha mzee mmoja, Gunnar, akachukua moja kwa adabu, na baada ya hapo adabu ikamwisha.

Tulipofika mwisho, pale pale darajani tulipoanzia, walisema hej då, kwaheri yao, wakatawanyika. Mimi ningewezaje? Aliyekula chakula changu ni mgeni wangu, na mgeni husindikizwa. Gunnar ndiye aliyekula kuliko wote, basi nikapanda naye treni hadi Vällingby, mpaka mlangoni kwake. Masikini, alidhani nimepotea, akataka kuniitia teksi.

Malmö siendi.

Baba yako,
Sixte


Malmö, 16 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo, na pole na goti. Sisi wazima, ila barua yako imenitoa jasho.

Umemfuata mtu usiyemjua hadi mlangoni kwake! Baba, umeishi Sweden miaka yote hii. Ungeitiwa polisi. Sisi tuliposindikizana kule Kibondo, katika kambi ya wakimbizi, kila mtu alijua maana yake. Hawa hawajui. Wewe unaona heshima, wao wanaona mzee wa suti anayewanyemelea na sufuria.

Nimefurahi umetoka nje, kweli nimefurahi. Lakini kula maandazi yako siyo kukujua. Nijibu swali moja tu: siku usipotokea, nani kati yao atauliza uko wapi? Ukiwa na jibu la kweli, nitanyamaza. Kama huna, Desemba nakuja na masanduku.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Raïssa


Husby, 29 Septemba 2025

Raïssa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mzee wa suti. Mimi mzima, natumaini nanyi pia.

Polisi hawajaja. Jumamosi hii nilimfikisha tena Gunnar kwake. Akasimama mlangoni akifikiri, akalivaa koti lake upya, akanisindikiza kituoni. Nikaona haya kumwacha arudi peke yake, nikamrudisha. Akanirudisha tena! Tuliipita ile njia mpaka mama wa duka la maua akatoka kututazama. Gunnar alicheka hadi akashika ukuta. Mke wake naye amefariki. Aliniambia hajacheka hivyo tangu wakati huo, na mimi nikamwambia hata mimi. Tulipochoka, alipanda treni nami hadi Husby, na sasa anaujua mlango wangu.

Swali lako sina jibu. Siwezi kuugua makusudi ili nikuridhishe. Nina neno moja tu. Katika nyumba hii mama yako alinifungulia mlango kila jioni niliporudi kazini. Nikiirudisha, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Usinihamishe, mwanangu. Nakuomba, na unajua baba yako si mtu wa kuomba.

Baba yako,
Sixte


Malmö, 31 Oktoba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Homa imeisha? Ile dawa ya kifua unakunywa, au unaitazama tu? Nilifika salama, na Bella anakusalimu kwa Kiswidi, kama kawaida yake.

Sasa niseme yale niliyoshindwa kuyasema mbele yako. Simu yako ilipoita siku nzima bila jibu, kumbe iko chini ya kitanda, nilipanda treni Jumamosi na nililia njia nzima. Nilipopanda ngazi nikaona viatu mlangoni kwetu, vingi, vyenye matope. Mara ya mwisho kuona viatu vingi vile mlangoni petu ilikuwa msiba wa mama. Nikajua nimechelewa.

Nikafungua kwa ufunguo wangu. Watu wa mfereji walikuwa wamejaa sebuleni na soksi zao, kimya, kila mmoja na kikombe, fimbo za Anneli zimeegemezwa ukutani. Jikoni Gunnar alikuwa anakoroga uji, amevaa aproni ya mama. Akaweka kidole mdomoni, akasema polepole, "Amelala."

Nikamwuliza walijuaje. Akasema, "Pale darajani hakuna aliyetusalimu kwa mkono. Tukaanza safari, tukashindwa kutembea, tukaja huku." Akasema uliwafungulia mlango huku unatetemeka, na bado ukauliza kama wamekula.

Baba, jibu langu nimelipata.

Siku ya kuondoka ulinisindikiza hadi kwenye lifti, ukikohoa. Gunnar akachukua begi langu. Nilidhani ataniacha kituoni Husby. Alipanda treni nami hadi mjini, akaja mpaka jukwaani, akasimama pale hadi treni yangu ikaondoka. Nilimwambia arudi, baridi ni kali. Akanijibu kwamba alikula kwenu, sasa ni zamu yake kusindikiza.

Chumba cha nyuma nimempa Bella. Krismasi njoo kama mgeni, ulale sebuleni. Ukiondoka nitakusindikiza hadi Husby, na wewe usithubutu kunirudisha.

Mwanao,
Raïssa