Kijiti cha Mwaka Mzima

4 Februari

Binti yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, mgongo wa mama yako umetulia, na mimi nachomelea mageti yangu kama kawaida. Wewe na baridi ya huko mnaelewana? Pasi za hotelini zisikuunguze.

Sasa nikuulize. Nani kakutuma umpigie daktari wangu? Jana kanikalisha, kaanza: "Mzee, binti yako anasema sindano za kila mwezi zinakusumbua. Kuna kijiti." Kijiti! Eti kinapandikizwa mkononi, kinatoa dawa ya homoni mwaka mzima kuituliza hii saratani ya tezi dume. Na moto ninaokaa nao, si kitaungulia humo humo? Sindano zinanitosha. Naenda kila mwezi, sijamlalamikia mtu.

Baba yako

20 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini hamjambo. Mimi mzima, ila kichwa kinaniuma, na sababu unaijua.

Kijiti si chuma, Baba. Ni kitu laini, hakizidi njiti ya kiberiti kwa urefu. Wanakupiga ganzi, wanachana ngozi kidogo upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, wanakiingiza, wanafunga. Mwaka ukiisha wanakitoa, wanaweka kingine. Hakitaungua mpaka uungue wewe kwanza. Na daktari nimempigia kwa sababu nikikuuliza unaendeleaje, unanijibu habari za mageti!

Nini hasa hukitaki? Niambie jambo moja tu la kueleweka.

Mwanao

6 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Sisi wazima. Mazungumzo ya kijiti yameisha. Nimepata kazi ya ngazi ya chuma, ya kuzunguka, inataka akili tulivu. Mama yako anakusalimu.

Baba yako

29 Mei

Baba, shikamoo.

Hali sikuulizi, habari zako ninazo. Mama kanipigia analia. Kipimo cha damu alichokupima daktari kimepanda, na nesi wa sindano kamwambia hajakutia machoni tangu Februari. Baba! Kila mwezi nakuuliza kwa simu, "Umeshachomwa?" Unajibu, "Tayari, na mkono wa nesi mzito kweli." Nesi yupi? Ulikuwa unachomwa na fundi baiskeli?

Na jingine. Mama anasema umehamia kwenye kochi, ukiguswa unaruka. Kaniuliza mimi, mwanawe wa kumzaa, kama una mwanamke nje. Simu sikioni, pasi ikaunguza shuka la watu.

Niandikie ukweli, au usiniandikie kabisa.

Mwanao

22 Juni

Binti yangu,

Barua hii nimeiandika na kuichana zaidi ya mara moja. Haya baba hamwambii binti yake, lakini umenibana ukutani.

Hiyo dawa inanimaliza kabla ya ugonjwa. Nikivaa ngao ya uso, joto linanipanda kutoka kifuani, jasho linaingia machoni, na moto wenyewe sijauwasha bado. Matiti yananiuma kama ya msichana anayekua. Redio ikitangaza kifo cha mtu nisiyemjua, nalia. Na kitandani, kwa mama yako, mimi si mtu tena. Umeelewa, sirudii. Ndiyo maana ya kochi. Mwanamke nje! Ningempeleka wapi?

Nilipoacha sindano, taratibu nikaanza kujisikia mimi, ila kitandani bado. Sindano naweza kuikimbia, mwanangu. Kijiti nitakikimbiaje?

Sasa umejua. Usinisute.

Baba yako

5 Julai

Baba yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisomea chumba cha kufulia, mashine zote zikinguruma, ili nisisikike nikilia. Pole, Baba. Nimekuelewa, na hasira bado ninazo.

Daktari anasema ukiendelea hivi ugonjwa utaingia kwenye mifupa. Sindano au kijiti, jasho ni lilelile, sikudanganyi. Ila kwa kijiti utagombana na nafsi yako mara moja kwa mwaka, si kila mwezi.

Lakini siwezi kukupandikizia kijiti kwa barua. Mwambie Mama uliyoniambia mimi. Usipomwambia, mimi simwambii, na sikuulizi tena. Nimechoka kupeleka maneno kwa watu wanaolala nyumba moja.

Mwanao akupendaye

18 Septemba

Binti yangu,

Hujambo huko? Najua nimekaa kimya, na umenikomesha kwa kukaa kimya na wewe.

Nilimwambia. Mama yako alikuwa anakunja nguo. Akaacha, akanitazama, nikadhani atalia. "Miezi yote hii nanusa mashati yako kutafuta manukato ya mwanamke," akasema, "kumbe mzee mjinga tu!" Alinigombeza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema yeye anataka mume anayepumua, mengine tutajua wenyewe.

Kijiti kimeingia mwezi uliopita. Mama yako alikataa katakata kubaki nje ya chumba. Daktari akaniuliza naumia wapi, mama yako akamjibu, "Kiburi." Ukipapasa mkono unakisikia. Damu watapima tena. Hakuna aliyeniahidi kitu.

Jasho limerudi bila huruma. Usiku natupa shuka, nafungua dirisha, mama yako anatetemeka na kunilaani. Kochini hataki kusikia nirudi. Miguu yake ina baridi kama chuma kilicholala nje, na ananibandika nayo mgongoni. Eti angalau sasa nina faida.

Baba yako