Rimu Iache Kavu: Kumbukumbu ya Mwalimu Tluway

Mwaka umetimia, Tluway, tangu uteremke ule mteremko wa kuelekea Gehandu na usifike chini salama. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Julai, 2011. Tunakuandikia kutoka nyumbani kwako Mogitu, na aliyeshika kalamu ni mdogo wako Agustino, kwa hiyo usishangae maneno yakizidi.

Ulikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watoto wa hapa walikupa shikamoo mara mbili: ya kwanza kwa heshima ya ualimu, ya pili ili uwazungushe kwenye baiskeli. Ile baiskeli ya gia uliinunua mnadani Katesh, mtumba, mwaka ule ule Manyara ilipofanywa mkoa. Haikuwa na siti. Mama alikuuliza kama umenunua baiskeli au mifupa yake. Ukaifunga siti ya baiskeli ya mizigo, ukaipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye madirisha ya shule, ukaiendesha hadi mlangoni pa kanisa kama bwana harusi.

Wewe na rafiki yako Basili ndio mlioanzisha Mbio za Tatu. Basili aliona kitu hicho kwenye televisheni huko Babati, watu wakitoka majini mbio na kurukia baiskeli, kisha wakikimbia kwa miguu, mashindano matatu kwa mkupuo. Akaja kwako akihema: "Mwalimu, maji tunayo, milima tunayo, tunangoja nini?" Maji yenyewe ni bwawa la kunyweshea ng'ombe, rangi ya chai ya maziwa. Mwaka wa kwanza mlikuwa watano, wawili wakagoma kuingia majini, ukashinda, zawadi ikawa jogoo. Ulimtaja jogoo yule miaka tisa.

Mkeo Fransiska hakuzipenda mbio hizo hata siku moja. Kwao hakuna mtu aliyejifunza kuogelea. Kila mwaka alisimama ukingoni na taulo lako kifuani, akihesabu kila unapoinua kichwa uvute pumzi. Ukishatoka, hofu yake ilihamia kwenye mteremko. Alikuwa akituambia kwamba Jumamosi ile moja inamzeesha kuliko mwaka mzima wa shamba, na wewe ulicheka, ukamwambia, "Mama Monica, mimi na breki zangu tunaelewana."

Mlikuwa mnaelewana kweli. Kila Ijumaa jioni uliipindua baiskeli uani, magurudumu juu, ukaitia cheni mafuta tone kwa tone, halafu ukafuta rimu kwa kitambaa kikavu. Mtoto akikaribia na chupa ya mafuta ulimzuia: "Mafuta ni ya cheni. Rimu iache kavu, hapo ndipo breki inaposhika." Uliwaambia wanafunzi, ulimwambia Monica binti yako, ulimwambia Fransiska kila alipobeba mahindi kwa baiskeli hiyo kwenda mashineni. Loo, tulichoka kulisikia.

Sasa tunafika pagumu. Liko jambo ambalo mwaka mzima alilijua Fransiska peke yake. Amesema tuliandike, na amekaa hapa pembeni anasikiliza kila mstari.

Unakumbuka mwaka jana mama Hilaria alikuja bwawani kwa mara ya kwanza. Miaka yote alikuwa anakupaka siagi nyumbani, kwenye paji la uso, kabla hujaondoka. Mama yetu ni mtoto wa wafugaji wa Getanuwas. Aliolewa huku kwa wakulima, akabatizwa, akawa mwanakwaya, lakini kwao mwenye safari haondoki bila siagi ya baraka, na hilo hakuliacha. Mwaka jana alichelewa kuamka kwa sababu ya kifua. Ulikuwa umeshaondoka. Akajifunga blanketi, akabeba kibuyu chake kidogo, akashika njia na mkongojo. Alipofika, wewe ulikuwa tayari umo majini.

Basi akaibariki baiskeli badala yako. Asubuhi ya Julai unaijua, upepo wa mlimani, siagi imeganda kama sabuni. Aliipasha moto viganjani, akapaka usukani, akapaka siti, akainama akapaka magurudumu, pande zote mbili, kwa upendo wote alionao, huku akisali.

Fransiska aliona. Alikuwa amesimama hatua nne tu, taulo mkononi. Maneno yako yalimjia hapo hapo masikioni. Lakini mkwe hamwambii mama mkwe mbele za watu kwamba baraka yake ina kasoro. Akajisemea, atatoka majini, ataona mwenyewe. Wewe ukatoka unatetemeka kwa baridi, hukuchukua hata taulo, ukarukia baiskeli, Basili akiwa nyuma yako kidogo, na watu wakapiga kelele.

Njia ya mbio huzunguka kilima, halafu hurudi na kuteremka kwenye kona iliyo juu ya bwawa. Siku zote tulikusikia kabla hatujakuona, maana breki zako zililia pale kwenye kona mpaka mbwa wakabweka. Mwaka jana ulipita kimya. Sote tulidhani unatafuta ushindi. Fransiska alikaa chini kabla hujafika kwenye mawe yaliyo chini ya kona.

Ulipoanguka, watu walisema ni jiwe. Walisema umri, miaka arobaini na sita si ya kushindana na vijana. Uliishia njiani kwenda hospitali, kichwa chako kikiwa kwenye mapaja ya Basili. Yeye ndiye aliyeileta baiskeli nyumbani, ikiwa tope tupu, akaiosha kwa sabuni kabla mtu hajaiangalia. Akaining'iniza stoo.

Tangu hapo mkeo hakulala vizuri. Sisi tulidhani ni majonzi, na yalikuwepo, lakini kilichomla ni woga. Alimwogopa mama asije akajua. Alijiogopa yeye mwenyewe. Mama alipoanza kulia jioni na kusema, "Nilimbariki mwanangu, mbona Mungu hakusikia?" Fransiska alitoka nje akaenda kushika nguzo ya zizi hadi kilio cha mama kiishe.

Halafu Monica, huyu wako mwenye kichwa kigumu kama chako, mwezi wa nne akatangaza kwamba atashiriki. Kwa baiskeli yako. Fransiska alimkatalia. Akamkatalia tena. Akamtuma Agustino amkatalie, naye akashindwa, maana binti alimuuliza, "Baba mdogo, baba alinifundisha kuendesha ili niogope?" Ungemjibu nini wewe? Basili akaandika jina lake kwenye orodha, na Fransiska hakumsalimia shemeji yake huyo kwa wiki mbili nzima.

Jumamosi iliyopita ikafika. Washiriki ishirini na sita, wanawake saba. Monica akaingia majini na wenzake, na mama yake akasimama pale pale na taulo lile lile. Alitazama kichwa cha mtoto kikizama na kuibuka, kikizama na kuibuka, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Ndipo akageuka, akamwona mama Hilaria amechutama kando ya baiskeli ya bluu na kibuyu kiko wazi.

"Mama," alisema. Akasema tena, "Mama, usipake."

Mama hakuinua kichwa. "Nisipake vipi? Mtoto wa mwanangu aende mikono mitupu?" Na kidole chake kilikuwa kimeshapita kwenye rimu ya mbele.

Fransiska akamshika mkono. Jamani, Tluway! Miaka ishirini na moja hajawahi hata kumkatiza maneno mama mkwe wake, leo amemkamata kifundo cha mkono mbele ya kijiji. Wanawake waliokuwa wakipika chai pembeni wakageuka. Basili akatoa filimbi mdomoni.

"Siagi ikifika hapo, breki haishiki," Fransiska alisema.

Mama aliutazama ule mkono uliomshika. Akatazama gurudumu. Nyuma yetu waogeleaji walikuwa wakipiga maji.

"Mwaka jana," alisema polepole, "nilipaka wapi?"

Hapo mkeo angeweza kusema usukani tu. Anasema neno hilo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mwanamke wa miaka sabini na minane, wewe ndiye mzaliwa wake wa kwanza, nani angemlaumu kwa kumficha? Lakini alimwona Monica karibu na ukingo, akaona kwamba akificha leo ataficha maisha yake yote, na mama atarudi na kibuyu kila mwaka.

"Kote, mama. Usukani, siti, na rimu zote mbili. Na mimi niliona. Nilikuwa hapa hapa, niliona, nikanyamaza kwa kukuogopa."

Mama akafumba macho. Sisi tulidhani ataanguka. Agustino alisogea amdake.

"Uliniogopa mimi," mama alisema, "ukamwacha aende."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ndiye niliyempaka." Akautazama mkono wake wa kulia kana kwamba si wake. Kisha akapandisha sauti, ile sauti ya zamani ya kuita ng'ombe: "Leteni majivu! Na sabuni! Mnatazama nini?"

Walileta majivu kutoka kwenye moto wa chai na kipande cha sabuni ya mche. Mama alifungua kanga ya begani, akapiga magoti kwenye tope, akasugua rimu ile. Fransiska alizungusha gurudumu, mama akasugua. Monica alitoka majini, maji yanamchuruzika, akawakuta wawili hao wameinamia baiskeli yake.

"Bibi! Unafanya nini na baiskeli ya baba?"

"Rimu iache kavu," mama alimjibu, bila kuacha kusugua.

Kumbe naye alikuwa anakusikia miaka yote, Ijumaa zote zile. Akaisugua mara ya mwisho kwa pindo safi, akanawa, akachukua siagi kidogo sana kwa kidole kimoja, akampaka mtoto kwenye paji la uso. Monica akapanda, akaondoka, wa kumi na moja.

Sasa nani alijua kama siagi imetoka yote? Majivu ni majivu. Mama aliuliza mara tatu, "Imetoka? Mama Monica, imetoka?" na Fransiska alijibu hajui. Wakakaa kwenye jiwe moja, wawili hao, wakitazama kona. Kuzunguka kilima ni dakika arobaini. Hakuna aliyemletea mwenzake chai. Wakati fulani mama alinyoosha mkono, Fransiska akaushika, na mikono yote miwili ilikuwa inanuka majivu.

Wakaanza kuteremka. Wa kwanza, kijana wa Gehandu. Wa pili. Wa tano. Kila gurudumu lilipotokea juu, Fransiska alisimama, akakaa. Halafu rangi ya bluu ikaonekana kati ya miti, inakuja kwa kasi, Mungu wangu, kasi ile ile yako, mwili umelalia usukani namna ile ile. Fransiska akajifunika uso na taulo. Alituambia baadaye kwamba hakutaka kuona. Alitaka kusikia tu.

Zikalia.

Breki zililia, Tluway. Zililia pale kwenye kona, kali, ndefu, mbaya, mpaka mbwa wote wakabweka. Monica akapunguza mwendo, akakata kona, akapita mbele yetu na tope usoni na meno nje.

"Ndiyo hiyo?" mama aliuliza. Sikio lake halisikii vizuri siku hizi.

"Ndiyo hiyo, mama," Fransiska alisema kutoka ndani ya taulo, na wote wawili wakalia kwa sauti, mbele za watu, kilio ambacho hawakukilia pamoja siku tuliyokuzika.

Binti yako alikuwa wa saba. Alipewa miche miwili ya sabuni, na mmoja amewapa wanawake wa chai kufidia kipande kile.

Mama bado ana siku mbaya. Juzi hakula. Fransiska bado anaogopa, na anasema ataogopa kila Julai Mungu akimpa uhai. Lakini Ijumaa hii jioni tuliwakuta uani, baiskeli imepinduliwa, mmoja anazungusha gurudumu, mwingine ana kitambaa kikavu.

Wanaokukumbuka: mama yako Hilaria, mkeo Fransiska, binti yako Monica, mdogo wako Agustino na familia yake, rafiki yako Basili, ambaye sasa anasalimiwa, wanafunzi wako, na wote wa Mbio za Tatu, Mogitu na Gehandu.

Pumzika, Mwalimu. Kila breki ikilia kwenye kona ile, tutalitaja jina lako.