Tumboni Mwako Hamkuwa na Pepo

Yaya Clarisse, dada yangu mkubwa,

Nimekaa miaka minne bila kukuandikia kwa sababu sikuwa na la kukuambia isipokuwa pole, na hata hiyo pole ilinishinda. Leo ninalo. Ni chungu, na sitalitia sukari.

Nilimaliza masomo yangu ya uuguzi. Sasa nafanya kazi kwenye kituo cha afya huku Annexe, pembezoni mwa mji, kati ya mashamba ya mahindi na nyumba zisizokwisha kujengwa. Mwezi uliopita alikuja daktari kutufundisha kuhusu watu wanaokataa kula na watu walioshikwa na pombe. Nilikaa nyuma nikidhani nitasinzia. Akasema kwamba ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi bakteria wasiohesabika. Wanakula tunachokula, na vitu wanavyotoa vinaweza kugusa hadi ubongo, kwa njia ya damu na mishipa ya fahamu. Mtu akikaa na njaa muda mrefu, au akinywa kila siku, wengine hufa na wengine hutawala. Huenda hao wanaobaki husaidia kumfunga ndani ya ugonjwa wake: huyu asiisikie njaa, yule asisikie kingine ila kiu ya pombe.

Yaya, nilitoka nje.

Kwa sababu nyumbani kwetu mlikuwa wawili. Baba na pombe yake ya lutuku, wewe na sahani yako isiyoguswa. Baba akianguka mlangoni tulisema amechoka, tukamvua viatu. Mama alisema wanaume wanaofanya kazi relini kama yeye wote ndivyo walivyo. Lakini wewe ulipoanza kusukuma bukari, ugali wetu, pembeni, tulikuchunguza kama mwizi. Gauni lako la bluu ulilipunguza mara tatu kwa mashini yako ya kushona, ukisema kitambaa kimelegea. Mama akaagiza samaki wakavu kutoka kwao Pweto, wale uliowapenda toka utotoni, akawapika na sombe, majani ya muhogo. Kipande chako kikubwa ulikiweka kwenye sahani yangu. "Minashiba, mudogo yangu. Kula weye." Hukuwa umeonja. Nilikula, nikakuchukia kwa vile ulivyotabasamu.

Majirani walisema ni ukimwi. Shangazi alisema ni roho ya kiburi. Na mimi, mwanafunzi wa uuguzi, mwenye vitabu chini ya kitanda, nilisema nini? Nilisema unafanya makusudi.

Halafu ile nyumba ya maombi. Sisi, Wakatoliki toka kwa babu, tuliona haya hata kumwambia padri. Yule mama aliyeongoza maombi alikutazama kidogo tu. "Ile roho inakatala chakula," akasema. "Basi na sisi tutainyima hata maji, mpaka itoke." Siku tatu za kufunga kukavu, kwa mtu ambaye tayari hakuwa na kitu mwilini. Ulinishika nguo. "Usiniache hapa." Nilikuingiza ndani mimi mwenyewe, Yaya. Nikakuambia ni siku tatu tu. Siku ya pili, mchana, walituita tuje na gari.

Somo lilipokwisha nilimfuata daktari. Nilitaka aniambie kwamba ni bakteria ndio waliokuua, nipumue. Hakuniambia hivyo. Alisema bado haijulikani kama mabadiliko ya tumboni huanzisha ugonjwa au hufuata tu, na nisiende kuwaambia watu kwamba maziwa ya mgando yataponya. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba ni ugonjwa, na kwamba mtu wa hali yako hafungishwi hata siku moja. Lakini hilo la mwisho, Yaya, lilikuwa kwenye vitabu vyangu.

Jumapili nikawaeleza nyumbani. Baba alikuwa na kikombe chake mkononi. Akasikiliza vizuri, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe haiko mie njo nakunywaka! Ni badudu ya mu tumbo." Wadudu ndio wanywaji, si yeye, kwa hiyo akajimiminia tena. Ulikufa wewe, akapata udhuru yeye. Mama hakucheka. Aliniuliza, "Njo sisi tulimuua?" Akainuka, akaenda kuosha sufuria zilizokwisha oshwa.

Wiki jana alikuja kituoni mama mmoja na binti yake, mikono imekonda kama yako mwishoni. Alitaka nimtundikie binti serumu moja, maji ya mshipani, apate nguvu ya kwenda kufunga kwenye maombi. Nilikataa. Akapaza sauti mbele ya wagonjwa wote kwamba sina Mungu. Hapo ndipo lilinitoka: "Dada yangu alikufia huko, na mimi njo nilimupeleka." Miaka minne, kila aliyeuliza nilimjibu malaria. Hata padri aliyekuzika tulimwambia malaria.

Yule mama aliketi kwenye benchi. Binti ndiye aliyeniangalia. Akauliza, taratibu, kama dada yangu naye alikuwa akisikia baridi kila wakati. Nikasema ndiyo. Tulikwenda wote watatu hospitali kubwa ya mjini, na sikuondoka mpaka akapata kitanda. Jana alikunywa nusu kikombe cha uji, akalia saa nzima. Sijui kama atapona. Mama yake bado hanisalimii.

Sikuombi unisamehe. Wewe ulikuwa mwepesi mno wa kusamehe, ungefanya hivyo ili mimi nijisikie vizuri, na sitaki. Ninakuahidi hili tu: yeyote atakayeniuliza ulikufa na nini, nitamwambia, na nitataja jina langu humo. Shangazi ameshanionya nisiiaibishe familia kwenye misa yako ya ukumbusho mwezi ujao. Nimeshamwomba padri nafasi ya kusema, na amekubali.

Kwaheri, Yaya yangu.

Mudogo yako,
Nadège