Pete ya Kauri ya Taa ya Sinema

Jumatano, 5 Juni 1974

Leo umeme umenirusha tena. Mara ya pili wiki hii. Mkono wa kulia umekufa ganzi hadi begani, na chini ukumbini watu wakapiga miluzi kwa sababu picha ilizimika farasi akiwa hewani. Hawajui yanayotokea huku juu. Kwao mimi ni tundu ukutani linalotoa mwanga, basi.

Kosa ni la pete. Ndani ya taa ya mashine yetu kuna vijiti viwili vya kaboni vinavyotazamana ncha kwa ncha, vinaungua na kufupika kama mishumaa. Umeme unaruka kutoka kimoja hadi kingine, na mwanga wake ukiutazama kwa macho matupu utajuta. Kijiti kimoja kimeshikwa na chuma, na chuma kimevishwa pete ya kauri ili umeme usihamie kwenye bati la mashine. Sasa pete imepasuka. Umeme umetafuta njia nyingine — njia yenyewe ni mimi.

Mzee Omari, meneja wetu, ameandika Dar kuomba spea. Jibu: fedha za kigeni hakuna, subirini. Akaniuliza kama haiwezi kufungwa na waya. Nikamwambia waya ndio mwenyeji wa umeme, mzee. Akacheka, ila si sana. Saba Saba tunatakiwa kuonyesha filamu ya kilimo mbele ya wageni wa mkoa.

Marcelina ameupaka mkono wangu mafuta ya nyonyo. Mke wangu akipaka polepole hivyo ujue ana mengi moyoni.

Jumamosi, 8 Juni

Kwihara, kwa mama. Baiskeli imepata pancha njiani, nikafika jua limepanda.

Sikupenda nilichokiona. Nyumba za majirani zimeezuliwa, nyasi zimelala chini, kuku wa watu wawili watatu wamesahauliwa wanahangaika. Wote wamehamia kijiji kipya cha ujamaa, kule barabarani. Amebaki mama peke yake, anafinyanga mtungi kana kwamba kesho ni siku ya soko kama zamani.

Nikamkuta na Bwana Anselm, katibu tarafa, kakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Si mtu mbaya. Alimwamkia mama shikamoo vizuri tu, akaitikiwa marahaba. Lakini alikuja kumwambia kwamba mwezi wa saba atakapokuja kukagua, kila mtu awe kijijini. Mama akasema hawezi kuliacha kaburi la baba. Bwana Anselm akakuna kidevu, akasema makaburi kila mtu anayo, akikubali la mmoja amekubali yote.

Hapo nikaropoka. Nikasema: na udongo je? Mama anachimba udongo wake bondeni hapa hapa, na mimi nataka anifinyangie pete ya taa ya sinema, kitu ambacho serikali imeshindwa kukiagiza ng'ambo. Nilikuwa sijamwambia hata mama mwenyewe. Akanitazama kama mtoto aliyeota kwa sauti.

Bwana Anselm akainuka kwenye kinu. Kisha: hilo ni jambo jingine. Kujitegemea. Kama udongo wa bonde hili utawasha taa ile Saba Saba, yeye ataandika mfinyanzi aachwe penye udongo wake. Kama hauwashi, asisikie tena habari hii.

Akaondoka. Mama akasema, “Mwanangu, umeniuza au umeninunua?”

Nikainama kuziba pancha.

Jumatatu, 10 Juni

Nimempelekea mama pete iliyopasuka na kipimo nilichochora. Kwenye mchoro nimeongeza mifereji kuizunguka pete, kama vile vikombe vya kauri juu ya nguzo za simu. Umeme unaotaka kutambaa juu yake upande na kushuka, uchoke. Nimeliwaza hilo mwenyewe, na ninajivunia.

Mama akapima kwa vidole, akaniuliza kama hiki ndicho kipimo cha pete ikiwa mbichi. Nikasema ni kipimo cha pete iliyokamilika. Akasema, “Sasa mwanangu, umenipa nguo ya mtu mzima nimshonee mtoto, au ya mtoto nimshonee mtu mzima? Udongo hunywea. Hunywea ukikauka, hunywea tena motoni.” Miaka yote nimelala nyumba moja na vyungu na sikuwahi kulifikiria hilo.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa nimekwenda kuchukua pete tatu za kwanza. Zimechomwa uani, kwa kuni na mavi ya ng'ombe, kama vyungu. Nzuri kwa macho! Moja imepasuka ilipopoa, ya pili ilipasuka nilipoibana kwenye chuma na kuipasha moto jikoni kwetu. Marcelina akasema hajawahi kuona mwanamume anapika pete.

Ya tatu nimeipasua mwenyewe kwa kuibana sana. Nina haraka, na haraka haina baraka, nayajua hayo tangu darasa la kwanza.

Alhamisi, 20 Juni

Mama ametoa fikra, nami naiandika ili nisije nikajidai ni yangu. Anasema chuma kikipata moto kinavimba, kauri haivimbi sawa nacho, basi kwa nini pete iwe duara nzima? Ikatwe iwe vipande viwili, katikati ibaki nafasi ya ukucha. Chuma kivimbe kinavyotaka. “Waliobanana sana ndio wanaogombana,” akasema.

Nilimtazama nikadhani anasema habari ya kijiji kipya. Pengine alisema habari ya pete tu.

Tatizo la pili ni moto. Moto wa uani hautoshi kuikaza kauri. Masolwa, yule fundi matofali, ana tanuru kubwa linalowaka siku mbili mfululizo. Liko kijiji kipya, anachoma matofali ya shule. Nilisema nitazipeleka pete mwenyewe siku ya mapumziko. Mama akasema atazipeleka yeye, kuna mashoga zake kule hajawaona tangu wahame.

Jumatano, 26 Juni

Siku mbaya.

Pete za vipande viwili zimetoka kwa Masolwa nzima, ngumu, ukizigonga zinalia. Zimekaa kwenye chuma kama zimezaliwa nacho. Nikapima kwa mita ya umeme: umeme haupiti hata chembe. Nikamwita Mzee Omari aje aone. Akaja na kanzu yake ya kutokea.

Tukawasha. Dakika ya kwanza safi. Ya pili safi. Kisha mwanga ukaanza kuyumba na bati likaanza kunguruma. Nikazima, nikaitoa pete kwa koleo ikiwa bado ina moto mkali, nikaipima tena. Mshale ukapanda: umeme unapita. Ikipoa, mshale unalala. Ikipata moto, unapanda.

Nimefikiri hadi kichwa kinauma. Udongo wa bonde ni mwekundu. Wekundu ule ni kutu, ni chuma. Ukiwa baridi umelala, ukipata moto unaamka na kuupokea umeme kama mgeni wa nyumbani. Ningefanya pete mia, zingekuwa hivyo hivyo. Udongo unaofaa chungu haufai taa.

Mzee Omari akanishika bega, akasema Mungu ana njia nyingi. Yeye ana wasiwasi wa Saba Saba. Mimi nina wasiwasi wa mama.

Ijumaa, 28 Juni

Nimemwambia. Nilifika nimepanga maneno, yakaniishia mlangoni. Nikasema tu: mayu, mama yangu, udongo wako una chuma ndani yake, taa haiutaki.

Hakulia. Akaniuliza taa inataka udongo gani. Nikasema mweupe, usio na kutu. Akauliza kama mweupe hasa au wa kijivu. Nikasema ukichomwa ubaki mweupe. Akaitika kwa kichwa, akaendelea kuchambua mboga.

Nilipokuwa naondoka akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akapitisha kidole pale umeme uliponiunguza. Nimerudi mjini bila kukanyaga pedali vizuri.

Jumanne, 2 Julai

Siamini ninachokiandika. Mama amekuja mjini kwa miguu, na kapu kichwani, na ndani ya kapu, katikati ya majani makavu ya migomba, pete mbili. Nyeupe! Nyeupe kama jino.

Nikamuuliza kazipata wapi. Akasema udongo ni udongo, nimpe maji ya kunywa kwanza. Nadhani amechimba chini zaidi bondeni, chini ya ule mwekundu. Wazee hujua mahali.

Nimeipasha pete jikoni kwanza itoke unyevu, kisha nikaifunga. Tumewasha taa dakika kumi, ishirini, nusu saa. Mwanga umesimama wima bila kutikisika. Nikaitoa ikiwa bado ina moto wa kutisha, nikapima. Mshale umelala. Nikapima tena kwa kuwa sikujiamini. Umelala.

Nikaligusa bati kwa mkono mtupu. Hakuna kitu. Ni bati tu, lina joto kidogo, kama sufuria iliyotoka jikoni.

Mama alikuwa kasimama mlangoni muda wote, amefumba macho kwa sababu nilimkataza kutazama mwanga. Nilipomwambia tayari akauliza, “Haitakurusha tena?” Nikasema haitanirusha. Basi, akasema, twende tukale.

Ijumaa, 5 Julai

Bwana Anselm amepita ofisini kwa Mzee Omari. Amesikia. Ameshika pete ya pili, ile ya akiba, akaigeuzageuza. Amefurahi kweli, si furaha ya mkutano. Anasema Jumapili, filamu ikianza, atapanda mwenyewe aione ikifanya kazi, kisha barua anaiandika usiku huo huo: mfinyanzi wa Kwihara aachwe Kwihara. Amesema ni neno lake.

Marcelina amepika wali. Nimekula sahani mbili. Muda mrefu sijala hivyo.

Jumapili, 7 Julai

Naandika huku juu, chumba cha mashine. Filamu inakwenda. Ng'ombe, trekta, mahindi marefu. Wageni wa mkoa wako mstari wa mbele. Mwanga umetulia mno, hata Mzee Omari ameacha kuchungulia.

Lakini sina raha, na ni lazima niandike ili nijue ninafikiri nini.

Mama alikuja mapema na Marcelina. Alitaka kuona chumba kabla watu hawajaingia. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamwambia kwa moyo wote: mayu, udongo wa bonde lako umeiokoa nyumba yako.

Akasema, “Si wa bondeni.”

Nikadhani sikusikia. Akanieleza taratibu, kama mtu anavyoeleza bei. Siku ile ya kwanza alipopeleka pete kwa Masolwa, alikuta watu wanachimba mashimo ya vyoo kijiji kipya. Udongo uliotoka chini ulikuwa mweupe. Aliuona, akapita zake. Hakutaka kuuona. Kisha mimi nikaja na habari ya kutu. Siku ya pili yake akarudi kule, akajaza kapu, akafinyangia pale pale kwa shoga yake, na Masolwa akazitia kwenye tanuru lililokuwa linaanza kuwashwa.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema, “Ungeukataa.”

Ni kweli. Ningeukataa.

Nikamuuliza na nyumba je. Akasema nyumba hujengwa. Na kaburi la baba? Hapo akaikaza kanga yake. Akasema, “Baba yako hakuwahi kunizuia kwenda popote. Wewe una mkono mmoja wa kulia.”

Nilitaka kumkumbatia, lakini watu walikuwa wameanza kuingia, na sisi si watu wa kukumbatiana. Nikamfuta vumbi begani. Nikamwambia asimwambie mtu, Bwana Anselm hajui, barua itaandikwa leo. Akanitazama sana. Akasema yeye hatasema lolote, wala hatanifundisha la kusema. Sasa amekaa chini na Marcelina, mstari wa tatu. Naiona kanga yake kupitia tundu.

Nikisema bondeni, mama atabaki kwake, peke yake kati ya nyumba zisizo na mapaa, na siku nyingine watakuja wataalamu kuchimba na hawataona kitu. Nikisema kweli, nimemhamisha mama yangu kwa mdomo wangu. Na yeye anajua nachagua. Anatazama trekta.

Viatu ngazini.

Ni Bwana Anselm. Nimempa miwani nyeusi, ametazama taa kwenye kidirisha, ametazama pete, amesema ajabu, ajabu. Ameketi. Anadhani naandika habari za mashine. Ametoa kalamu mfukoni, ananiuliza udongo huu hasa umechimbwa wapi, jina la mahali, aliandike vizuri.

Nimemwambia anisubiri kidogo, nabadilisha vijiti vya kaboni.

Vijiti bado virefu.