Maksi za Benzi na Jagua

Baba Yustina,

Wali umo sufuriani, maharage nimeyafunika. Yustina asilale kabla ya kumaliza hesabu zake.

Jana uliponipandisha katika yale magari mawili ya mzee anayehama nchi, ukaniuliza lipi bora, niliyapima kama ninavyopima kazi za wanafunzi. Benzi niliipa sabini kwa utulivu wa injini. Jagua nikaipa themanini kwa mbio na viti vya ngozi. Sikudhani kwamba kwako kutoa maksi ni kutoa ridhaa.

Leo asubuhi nikakukuta unapakia mabati ya nyumba tunayoijenga Tabata, ukayauze. Nilipokuzuia ukamwambia dereva wa lori, "Mwalimu mwenyewe kaipasisha Jagua. Twende." Ndugu yako Kasiani akacheka: "Shemeji, masika yakija mtalala garini."

~~Tafadhali yarudishe mabati.~~ Nimelifuta ombi hilo. Mabati hayapatikani madukani. Aliyeyapata leo hatayaachia.

Ukitoka, ufunguo mwachie Mama Hamisa. Nimekwenda Tabata kumwambia fundi ateremke kwenye kenchi ya paa, kwani hakuna kitakachopigiliwa juu yake.

Mkeo,
Mama Yustina