Mayai ya Chumvi

Yaya Mbelu, dada yangu mkubwa mpendwa,

Habari za Kasaji? Hapa Musonoi ndoa yangu ina miezi miwili, na kila asubuhi namtazama Guelord akiwa amelala, moyo unanijaa.

Anapika kwenye kambi ya mgodi. Mwenzake Rodel, Mfilipino, alimfundisha bibingka, keki yao ya Noeli: unga wa mchele na nazi, juu ya jani la ndizi. Juu yake huwekwa yai lililolowekwa kwenye chumvi wiki tatu. Guelord mwenyewe aliyaloweka mayai hayo kwenye ndoo nyumbani. Nilipofungua ndoo, harufu ilinitapisha. Lakini kwa ajili yake nilioka kumi za zawadi, huku naimba.

Ya kwanza tulimpelekea mama yake. Aliinua yai kwa vidole viwili.

“Bibi-arusi, Noeli unaniletea mayayi ya kuoza?”

Akamtupia nguruwe wake lile yai.

Guelord akacheka naye. “Mama, mi nilimukataza. Hakusikia.”

Njiani akanishika mkono, akaniomba nimwokee nyingine yenye mayai mawili.

Bado nampenda, yaya. Lakini siku hizi akicheka tu, ile ndoo inafunguka tena puani mwangu.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Glodie